Wiki kumi na moja Lyon: nikodi gari au nichukue lizi?

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Iringa. Binti yetu ameolewa Lyon, Ufaransa, na anatarajia kujifungua mwezi wa nne. Mimi na mke wangu tutakwenda kukaa naye wiki kumi na moja kuanzia katikati ya Aprili. Arobaini ya mtoto ikipita tunataka kuzunguka kwa gari: twende Lourdes kuhiji, kisha Torino, Italia, maana nilifundishwa na mapadre wa Consolata na siku zote nimetamani kuona walikotoka. Mkwe wangu anasema kukodi gari muda wote huo ni ghali mno, lakini kuna lizi ya muda mfupi, unapewa gari jipya na bima ya kila kitu. Jirani yangu anasema hiyo ni mkopo wa gari, nitakuja kudaiwa na Wafaransa uzeeni. Kadi yangu ya benki ni Visa ya kawaida ninayotolea hela kwenye ATM. Leseni ni daraja D, nimeendesha miaka thelathini, na gari langu ni la otomatiki. Nifanye lipi?"

Mwalimu, shikamoo. Na hongera kwa mjukuu anayekuja, wewe na mama.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umeuliza swali moja lenye maswali matatu ndani yake. La kwanza ni bei. La pili ni deni, ambalo jirani ameshakutia nalo hofu. La tatu hukulitaja kama swali, lakini umelidokeza, nalo ndilo linalowakwamisha watu wengi wa huku kwetu: hiyo kadi ya ATM. Mimi hushughulika na safari na bima hapa Mbeya, na nimeona watu wakifika kaunta ya gari Ulaya wakiwa na hela halali mfukoni na bado wakanyimwa ufunguo. Kwa hiyo nitalifikia.

Nianze na jirani, ili ulale usingizi. Hii lizi si mkopo. Anachokifikiria yeye ni ile lizi ya benki zetu, mfanyakazi anachukua gari, anakatwa mshahara miaka mitatu, akishindwa gari linavutwa. Hiyo ya Ufaransa ina jina linalofanana tu. Kisheria ni mauziano yenye ahadi ya kurudisha: kiwanda kinakuuzia gari jipya, na katika mkataba huohuo kinajifunga kulinunua tena kwako tarehe fulani kwa bei iliyokwisha kuandikwa. Wewe hulipi bei ya gari. Unalipa ile tofauti tu kati ya bei ya kuuziwa na bei ya kurudisha, na unailipa yote kabla ya kulishika gari. Fikiria kreti ya soda pale dukani. Ukinunua soda unakuwa kama umenunua na kreti, lakini mwenye duka anajua utairudisha, kwa hiyo kinachotoka mfukoni mwako kabisa ni thamani ya ulichokunywa. Hapa unachokunywa ni siku za gari.

Kwa nini kiwanda kihangaike hivyo badala ya kukodisha tu? Ni kwa sababu ya kodi. Ufaransa gari jipya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Sheria yao inaruhusu mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anunue gari la kutumia kwa muda bila kodi hiyo, mradi asibaki nalo. Gari husajiliwa kwa jina lako, likapewa namba nyekundu zenye mwezi na mwaka wa kuisha muda. Ukilirudisha, kiwanda kinaliuza kama gari lililotumika miezi michache. Renault wana mpango huu unaoitwa Eurodrive, na Peugeot na Citroën nao wamewahi kuwa na mipango ya aina hiyo.

Ukielewa hapo, mambo mengine yanajieleza. Kuna siku za chini, kwa kawaida wiki tatu, kwa sababu gharama ya kusajili gari na kulikabidhi ni ileile ukae nalo siku tano au hamsini. Ndiyo maana pia siku za mwanzo ni ghali na za kuongeza ni nafuu. Siku arobaini na mbili hazigharimu mara mbili ya siku ishirini na moja. Kukodi kwa kawaida hakushuki kwa kiasi hicho, na makampuni mengi hayataki mkataba mmoja upite mwezi, kwa hiyo anayekaa miezi miwili anaweza kulazimika kurudi kaunta, kufunga mkataba na kufungua mwingine.

Kuhusu deni, basi, ukishalirudisha gari mahali na tarehe mliyokubaliana, mkasaini karatasi ya makabidhiano, mmeachana. Linaloweza kukutia matatani ni kuchelewesha tarehe, kwa sababu msamaha wa kodi umefungwa na siku zile. Kwa hiyo usijiwekee siku ya kurudisha gari iwe ileile ya ndege. Weka siku moja au mbili katikati.

Sasa bima, na hapa naomba unisomee polepole, maana tofauti kubwa ya njia hizi mbili ipo hapa kuliko kwenye bei.

Huku kwetu tunajua bima ndogo na bima kubwa. Ukikodi gari Ulaya utaambiwa bima kubwa imo, nawe utafurahi. Imo kweli, lakini ina shimo. Kuna kiasi ambacho unajilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kwa gari dogo mara nyingi ni euro 1,000 hadi 2,000. Ukikwangua ubavu kwenye maegesho ya chini ya ardhi, na maegesho ya Lyon ni membamba, gharama yote ya rangi inaangukia ndani ya kiasi hicho, yaani ni yako. Tena mikataba mingi inaacha nje kabisa vioo, matairi, paa na uvungu. Mimi yalinikuta. Lori lilirusha jiwe, kioo cha mbele kikapasuka, na nilipokabidhi gari ndipo nikaonyeshwa mstari mdogo unaosema vioo havimo. Nililipa. Waliyofanya hayakuwa nje ya mkataba, ila mimi sikuwa nimeusoma. Kaunta watakuuzia nyongeza ya kuziba shimo hilo, inayolipiwa kwa siku, na ukiizidisha kwa siku thelathini ndipo unaona ile bei nzuri ya mtandaoni ilivyokuwa nusu tu ya habari.

Kwenye lizi ya nunua-rudisha bima kubwa inakuja bila shimo: ajali, wizi, vioo, msaada barabarani usiku na mchana, na hakuna kiasi cha kujilipia. Kilomita hazihesabiwi. Haina maana kwamba kila kitu kimo. Mizigo yenu ikiibiwa ndani ya gari hailipwi, na kosa la kujaza mafuta yasiyo yake ni lako. Shika hili kabla hujafika kituoni: kule dizeli imeandikwa "gazole", na petroli ni zile zilizoandikwa SP95 au SP98. Gari la lizi mara nyingi hukabidhiwa likiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo kituo cha mafuta kitakuwa safari yako ya kwanza.

Nikukumbushe pia kwamba namba nyekundu inamtangaza mgeni. Mkisimama kula barabarani, begi lisionekane kwenye kiti, na pasi za kusafiria ziwe mwilini, zisiwe garini.

Nije kwenye kadi. Anayekukodishia gari anaogopa uharibifu, kwa hiyo anazuia kiasi fulani cha hela kwenye kadi yako mpaka urudishe gari. Makampuni mengi yanataka kadi ya mkopo hasa, yenye jina la dereva mkuu, namba zimechongwa au kuchapwa mbele na ukomo wa kutosha. Yako ni kadi inayotoa hela zako mwenyewe kutoka akaunti. Ina nembo ya Visa, lakini kwa kaunta nyingi si kitu kilekile. Wengine wataikataa kabisa, wengine wataikubali ukinunua bima yao ya ziada yote, na hata wakiikubali, hela zinazozuiliwa ni zako za matumizi, na zinaweza kuchukua siku nyingi kurudi baada ya safari. Wazee wawili ugenini na akaunti iliyofungwa nusu, hilo si jambo la kuchukulia wepesi. Kwenye lizi, kwa kuwa umelipa yote mapema na bima haina shimo, hawana sababu ya kuzuia hela. Kwa Mtanzania asiye na kadi ya mkopo, naona faida hii inazidi hata ya bei.

Kufikia hapo utaona naipendelea lizi. Ngoja kwanza, kwa sababu kuna mtu wa tatu kwenye hadithi yako, mkwe.

Mpango wa namba nyekundu ni wa watu wanaoishi nje ya Umoja wa Ulaya. Wewe na mama mnaishi Iringa, mnastahili. Binti na mkwe wanaishi Lyon. Ukimpa mkwe usukani siku umechoka, unaweza kuwa umevunja masharti ya forodha na bima kwa pamoja, na ajali ikitokea saa hiyo ile bima isiyo na shimo inageuka karatasi. Asiguse usukani kabla hujauliza kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Kwa familia ambayo mkwe ndiye angekuwa dereva wa nusu ya safari, hilo peke yake linabadilisha jibu. Hapo naona afadhali mkwe akodi gari la kawaida kwa jina lake, kwa kadi yake ya Ufaransa, kisha wewe uandikwe dereva wa pili. Mtalipa kidogo kwa siku kwa ajili ya dereva wa ziada, mtanunua nyongeza ya kuziba shimo la bima, na tatizo la kadi yako halitakuwepo kabisa. Mwambie wakati wa kuagiza ataje kwamba gari linavuka kwenda Italia. Kwa kawaida wanaruhusu, lakini lisipotajwa bima inaweza kukataa huko mbele.

Na sasa jambo ambalo mkwe wako, kwa nia njema, amelikosea. Hesabu yake ni ya wiki kumi na moja. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mtazunguka baada ya arobaini. Wiki sita za mwanzo mtakuwa nyumbani na mzazi na mtoto, gari limeegeshwa kwa malipo mjini ambako kuna metro, tramu na mabasi. Mnalipia nini? Chukua gari kwa zile wiki nne za mwishomwisho tu. Siku kama ishirini na nane zinavuka kiwango cha chini cha lizi, kwa hiyo njia zote mbili bado ziko wazi. Na ikiwa mtagundua kwamba safari halisi ni Lourdes siku tano na Torino siku nne, basi lizi haifai tena. Kodini kwa wiki mbili, au hata mpande treni kwenda Lourdes, inafika mpaka mjini penyewe.

Unapolinganisha, usilinganishe bei ya tangazo. Chukua daftari, upande mmoja uandike bei ya kukodi kwa siku 28, uongeze nyongeza ya bima kwa siku zote, dereva wa pili kwa siku zote, na tofauti ya gari la otomatiki. Upande wa pili uandike bei ya lizi kwa siku zilezile, ambayo kwa kawaida tayari ina hivyo vya bima ndani yake. Mchukue na mrudishe palepale Lyon kwa njia zote mbili, kwa sababu kuliacha gari nchi nyingine kunaongeza gharama vibaya. Tozo za barabara na mafuta ni zilezile kwa yeyote, ila zitenge mapema. Njia fupi ya kwenda Torino inapita handaki la Fréjus, karibu kilomita 13 chini ya milima ya Alpi, na kwa gari dogo linatoza zaidi ya euro 50 kwa upande mmoja. Kata tiketi ya kwenda na kurudi hapohapo, inapunguza.

Hilo la otomatiki usilipuuze. Magari yetu mengi yametoka Japani, tumezoea otomatiki na usukani kulia. Kule usukani uko kushoto, unaendesha kulia, na magari ya bei ya chini mengi ni ya gia za mkono, ambazo utazibadilisha kwa mkono wa kulia. Usijiongezee mzigo huo, lipia otomatiki. Hata hivyo utashangaa: fimbo ya indiketa iko upande ambao kwetu ni wa waipa, na siku mbili za kwanza utakuwa unafuta kioo kikavu kila kona. Hilo halina hatari. Lenye hatari ni kipilefti, kwa sababu neno lenyewe limetufundisha kushika kushoto. Kule unazunguka kwa upande wa kulia na unawapisha wanaotoka kushoto kwako. Na kwenye njia panda ndogo zisizo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki hata kama njia yake ni kichochoro. Umeshuka mlima Kitonga miaka thelathini, siwezi kukufundisha kuheshimu barabara. Ila mazoea ya miaka thelathini ndiyo yanayokuvuta kushoto alfajiri ukitoka maegesho wakati barabara ni tupu. Mama akae mbele, na kazi yake kila mnapoanza safari iwe kusema "kulia" kwa sauti.

Leseni yako pekee haitoshi. Tafuta kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla hujaondoka nchini. Hapa kwetu kinatolewa na Chama cha Magari Tanzania, kinadumu mwaka mmoja, na ukibebe pamoja na leseni yenyewe, si badala yake. Italia wanakiulizia pia. Ndani ya gari pawe na pembetatu na fulana ya kung'aa, na fulana ikae mahali unapoifikia bila kushuka. Mkigongana na mtu, namba ya dharura ni 112. Kule madereva hujaza fomu ya pamoja ya ajali na kuisaini wote wawili, na kilichosainiwa upande wa mbele hakibadilishwi tena. Usisaini Kifaransa usichokielewa. Mpigie binti akusomee kwanza, hata mwenzako akikuharakisha.

Katika miji ya Italia, Torino ikiwemo, kuna maeneo ya katikati ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kwa saa fulani na kamera inapiga picha namba. Faini hukufuata hadi nyumbani. Egesha nje, ingia kwa tramu. Patakatifu pa Consolata pako katikati ya mji kabisa, mtafika kwa miguu.

Usilipe chochote kisichorudishwa kabla ya viza. Viza ya Schengen inakuruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na wiki zako kumi na moja ni siku 77, mko salama, lakini viza inaweza kutolewa kwa siku pungufu ya ulizoomba. Ikitoka, ndipo uagize gari, na lizi iagizwe angalau mwezi mmoja kabla, kwa kuwa gari linasajiliwa kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Herufi moja ikikosewa ni usumbufu. Uliza masharti ya kuahirisha, maana watoto huzaliwa siku wanayoitaka wao.

Kuna mambo matatu ambayo barua hii haiwezi kukumalizia. Nenda benki yako pale Iringa, usipige simu, nenda, uwaulize ukomo wa kadi yako kwa malipo ya nje na kama wanaweza kukupa kadi ya mkopo kwa dhamana ya akiba. Nenda kapime macho, hasa kuona usiku, na kama daktari amekuandikia miwani ya kuendeshea basi beba na ya akiba. Na ukipata mkataba wowote mkononi, kabla hujasaini, mpelekee wakala wa bima aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka ya kusimamia bima nchini, aliye karibu nawe akusomee ukurasa wa yale yasiyolipwa. Nusu saa inamtosha.

Zungumza na mkwe kwanza, umuulize jambo moja tu: siku hizo nne au tano za Lourdes na zile za Torino, anakuja nanyi au anabaki na mzazi? Akibaki, chukua lizi ya wiki nne, wewe na mama. Akija, akodi yeye.